Sauna Iliyozimwa Jumamosi

Meeta wa Kuusiku alisemwa vibaya miaka mingi kuliko mwanamke yeyote wa ukingo ule wa mto Halliste, na walichomsemea ni jambo moja tu: kwamba alizima sauna ya mama mkwe wake, kile kibanda cha kuogea mvuke, siku ya Jumamosi, ikiwa imekwisha kuiva. Walevi walisamehewa. Bwana mmoja aliyechinja kwa siri ndama wa shamba la ushirika naye alisamehewa, na nyama wakala pamoja naye. Lakini sauna ya Jumamosi, siku ya nyumba nzima kuoga, tena ya mama mkwe? Hapo watu walitikisa vichwa.

Wala hakuwa mtu wa makeke. Alikuwa mwanamke mfupi, viganja vipana kwa kukamua, mwenye tabia ya kutazama chini anapoulizwa jambo. Aliolewa Kuusiku akitokea upande wa juu wa mto, akaja na sanduku la nguo, kondoo wawili na ukimya wake. Alma, mama mkwe, mjane aliyeshika funguo zote za nyumba ile, alimpokea kwa kusema, "Mikono naiona. Ulimi tutausikia baadaye." Ulimi haukusikika. Watoto wakazaliwa mle mle saunani, alimozaliwa mume wake Arved, na Alma mwenyewe ndiye aliyewapokea. Asubuhi Meeta alikamua ng'ombe wa ushirika, jioni akakamua wa nyumbani, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumtaja.

Sasa kule kwao, theluji inapoyeyuka, mto hauna pa kuyaweka maji yote yale. Yanapanda, yanameza malisho, yanameza barabara, yanaingia msituni na kusimama kati ya miti kana kwamba ndiko kwao. Watu wanauita msimu wa tano. Wanaungoja kama unavyomngoja shangazi anayekuja kila mwaka na kukaa sana: viazi vinapandishwa darini, kuku wanahamishwa, na mitumbwi inatolewa ghalani, ile ya gogo moja, myembamba, ambayo mgeni akiikanyaga tu yuko majini. Wao husimama ndani yake na pondo tangu utotoni, wakisogoa huku wakienda.

Kwa hiyo maji hayo hawayaogopi. Mto wenyewe wanauogopa kidogo. Ziwa wanaliogopa sana. Bahari hawataki hata kuizungumzia. Lakini maji ya malishoni? Chini yake ni nyasi zako ulizozikata mwenyewe wakati wa kiangazi. Unajua hapa yatakufika kiunoni, pale kifuani, na kule penye kile kichaka yatakuwa magotini. Mtu atakufaje kwenye konde lake mwenyewe? Ndivyo walivyojiambia. Na wengi walikufa wakiwa wamesimama.

Jumamosi ile ya Aprili jua lilitoka vizuri. Hewa ilikuwa ya kuvua koti, na ndege wa maji walikuwa wakipigishana kelele. Ng'ombe wa nyumbani alikuwa amezaa, na nyasi kavu za ghalani zilikuwa zimebaki za kufagia. Lundo moja lilikuwa bado malishoni, juu ya chanja cha magogo, maana kule malundo hujengwa juu ya chanja ili maji yapite chini. Arved na Meeta wakaenda kulichukua kwa mtumbwi.

Meeta alipanda juu ya lundo na uma wa kupakilia. Arved alibaki mtumbwini, amesimama, akipokea nyasi na kuzikanyaga. Alikuwa amevaa koti lake nene la pamba na gambuti zinazofika mapajani.

"Usijaze sana," Meeta alisema.

"Wewe tupa tu. Unataka tuje mara mbili kama wachumba?"

Akatupa. Mzigo ukawa mrefu kuliko mtu. Ndipo Meeta, kwa kuwa yuko juu, akaliona pande la barafu likitoka kati ya miti. Lilikuwa la kijivu, limelowa, kubwa kama sakafu ya chumba, likija polepole bila sauti.

"Arved, barafu."

"Nimeiona. Ina haraka gani?"

Akaegemeza pondo kwenye barafu aisukume pembeni. Barafu haikusukumika. Kilichosukumika ni mtumbwi, na kwa mzigo ule wa juu uliinama mara moja, ukageuka, na Arved akaingia majini pamoja na nyasi zote.

Alipoibuka mdomo ulikuwa wazi, lakini hakuna neno lililotoka. Alikuwa akivuta pumzi, anavuta tena kabla hajatoa ile ya kwanza, macho yamemtoka kama mtu aliyepigwa tumboni. Meeta alilala kifudifudi ukingoni mwa lundo, mkono ameunyoosha. Kisha miguu ya Arved ikapata ardhi. Akasimama. Maji yalimfika kifuani. Pumzi ikatulia kidogo, naye akacheka.

"Eh. Nimeoga kabla ya sauna."

"Panda."

"Subiri, mtumbwi unakwenda."

"Uache uende. Panda, Arved."

"Niuache, tutarudi na nini? Utaota mabawa? Nimesimama, mwanamke, huoni? Hili ni konde letu."

Akageuka, akaanza kuuendea mtumbwi uliokuwa ukielea tumbo juu. Haukuwa mbali. Kiangazi angekwenda na kurudi huku akipiga mluzi. Meeta alimwona akiufikia, akaona mikono ikiupapasa ubavuni. Alipapasa huku, akapapasa kule. Kamba ilikuwa inaning'inia mbele yake, naye akawa anaigonga kwa ngumi badala ya kuishika. Meeta alichelewa kidogo kuelewa: vidole havikuwa vinafunga tena.

"Rudi sasa," alimwambia, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyowahi kuitumia tangu aolewe. "Uache. Rudi kwangu."

Safari hii hakubisha. Aligeuka, akapiga hatua, akapiga nyingine. Kila hatua ilikuja baada ya mapumziko, na mapumziko yakawa yanarefuka. Alipofika katikati akasimama.

"Tembea, Arved."

"Natembea," alisema. Alikuwa hatembei.

Meeta alitaka kuruka. Mguu mmoja alikuwa ameshauteremsha. Akaurudisha, maana alijua kwamba akiingia watakuwa wawili wa kusimama pale, na jioni watu watakuta wawili. Alikuwa na kamba ya kufungia mzigo. Akafunga kitanzi kikubwa, akakitupa. Kikaanguka pembeni. Akakivuta, akatupa tena, kikamwangukia begani.

"Kichwa. Ingiza kichwa. Na mkono mmoja. Usishike, ingiza tu. Haya, na wa pili."

Alitii kama mtoto anayevishwa shati. Meeta akazungusha kamba kwenye nguzo ya katikati ya lundo, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, akavuta, akakaza, akavuta. Alipomfikisha chanjani alimkamata kwa ukosi na mkanda, na namna alivyompandisha mtu mzito kuliko yeye mwenyewe hakuweza kueleza baadaye.

Alimvua koti na shati, akamvika fulana yake mwenyewe ya sufu na koti lake la ngozi ya kondoo, akachimba shimo ndani ya nyasi kavu, akamsukumia humo na kumlalia. Arved alikuwa akitetemeka mpaka lundo zima likatikisika. Meno yaligongana. Hilo halikumtisha sana. Alifunga kitambaa chake cha kichwa kwenye uma, akapunga kuelekea nyumbani huku akimwita shemeji yake, Kaarel, kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Juu ya maji sauti inakwenda mbali.

Toka pale nyumba ilionekana. Nyuma yake, kutoka kwenye kile kibanda cha magogo kisicho na bomba la moshi, moshi ulikuwa umeacha kutoka. Maana yake moto umekwisha kuteketea, mawe yameshiba joto, mlango umefungwa, sauna inaiva. Arved naye alikitazama kibanda.

"Mama ameshaiweka tayari," alisema, na maneno yake yalivutana kama ya mlevi. "Leo nakaa benchi la juu. Wote mtanipisha."

Hapo ndipo Meeta alipoingiwa na baridi ya kweli.

Baba yake alisema maneno kama hayo. Meeta alikuwa msichana bado, kule juu ya mto, na baba yake alianguka majini msimu wa tano akimfukuza kondoo. Alitolewa hai. Alitembea mwenyewe uani, ndugu zake wawili wamemshika makwapa, akawatania njia nzima. Walimpa kinywaji kikali, wakamwingiza saunani, wakamkalisha juu kabisa kwenye joto. Meeta alikaa kwenye kizingiti na taulo mkononi. Alisikia maji yakimwagwa juu ya mawe, akamsikia baba akisema, "Aah, hapo sawa." Kisha akasikia kitu kizito kikianguka kutoka benchini. Watu wakasema maji yamemuua. Kila mtu alisema hivyo, na mama yake alisema hivyo mpaka kaburini. Meeta peke yake ndiye aliyebaki na swali, maana alimwona akiingia kwa miguu yake. Nani angesema sauna imemuua mtu? Ndimo wanamozaliwa, ndimo wanamotibiwa, ndimo wanamooshwa wakifa. Ni mara moja tu aliwahi kusikia neno la kumuunga mkono. Kwenye banda la kukamulia alikuwapo mjane mmoja wa mvuvi wa pwani, naye siku moja alisema tu, huku akikamua, "Kwetu mtu wa majini haendi saunani. Analazwa, anafunikwa, anaachwa arudi mwenyewe." Meeta alitaka kumuuliza zaidi, lakini msimamizi akaingia.

Hayo ndiyo yote aliyokuwa nayo. Kizingiti, na neno la mjane.

Na sasa Arved alikuwa ameacha kutetemeka.

"Nimepata joto," alisema. "Ngoja nilale kidogo."

"Usilale. Niambie ndama tumwiteje."

"Ndama yupi?"

Kaarel alifika kwa mtumbwi wake mdogo, akipiga kafi kwa nguvu. Alikuwa bwana mkubwa wa mwili, mpole, asiyejua kunyamaza. "Vipi, mmehamia huku? Nyumbani mama anawa..." Akaona uso wa kaka yake, akameza maneno yaliyobaki.

"Mlaze chini mtumbwini," Meeta alisema. "Asikae, asisimame. Mlaze."

"Apige kafi, shemeji, damu ichemke. Ukimlaza atazidi kupoa."

"Mlaze, Kaarel."

Kaarel alitoa chupa ndogo mfukoni. Meeta aliichukua, akaitupa majini. Kaarel aliitazama ikizama.

"Hiyo ilikuwa ya Pasaka," alisema taratibu.

Watu watatu walikuwa wengi kwa mtumbwi ule. Ukingo ulibaki upana wa kidole juu ya maji. Meeta alilala juu ya mumewe, wamefunikwa nyasi, shavu lake karibu na mdomo wa Arved ili aisikie pumzi. Ilikuwa inakuja kwa mbali, kama mtu anayesita mlangoni. Kaarel hakuthubutu kupiga kafi kwa nguvu. Mara mbili maji yaliruka ukingo yakaingia, na mara zote mbili hakuna aliyesogea. Vipande vidogo vya barafu viligusagusa gogo kwa nje.

Alma alikuwa amesimama mlangoni mwa sauna, fagio la majani la kuchapia waogaji mkononi, uso mwekundu kwa joto. Alikuwa ameona yote toka uani, na alikuwa ameshaamua.

"Mleteni huku. Mawe yanaimba. Nitamchapa majani mwenyewe, dakika chache atakuwa anakimbia."

"Hapana, Mama," Meeta alisema.

Alma hakumsikia, au alidhani amesikia vibaya, maana neno lile halikuwahi kutoka upande ule. Kaarel alikuwa amemwinua kaka yake mikononi, akaelekea saunani.

"Si huko. Mpeleke ndani, kitandani."

"Wewe," Alma alisema, "mwanangu amekuwa wa bluu, unaniletea habari za kitanda? Nimewatoa watu wangapi kwenye baridi mimi? Pisha."

"Baba yangu aliingia mle akitembea, Mama. Akatoka amebebwa."

"Baba yako alikuwa na moyo mbovu, kila mtu anajua. Kaarel, unangoja nini?"

Arved mwenyewe akafumbua macho. "Saunani," alisema. "Nipelekeni saunani. Meeta, acha."

Wote watatu walikuwa wakitaka jambo moja, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akifa. Meeta aliitazama miguu ya Kaarel, akaiona ikianza kwenda. Alijua hana maneno. Hajawahi kuwa nayo. Akampita mama mkwe, akaingia yeye saunani.

Humo kulikuwa na giza na joto la kukata pumzi. Pipa la maji baridi lilikuwa pembeni mwa mlango, na ndoo juu yake. Alijaza ndoo, akaimwaga yote juu ya mawe. Mvuke uliruka na sauti ya kitu kinachopasuka, ukamchoma mkono hadi kiwikoni. Akajaza tena. Mawe yalilia, yakapasuka kweli, moja baada ya jingine. Alimwaga akiwa amefumba macho, akamwaga mpaka ndoo ikakwaruza chini ya pipa, kisha akaupiga teke mlango ukafunguka wazi, na joto la Jumamosi nzima likatoka uani kama kundi la kondoo.

Alipotoka, Alma alikuwa ameliacha fagio lianguke.

"Amezima," alisema, kama anayewaeleza watu wasioona. "Amezima sauna yangu."

Kaarel alisimama katikati ya ua na kaka yake mikononi. Alimtazama mama, akamtazama shemeji. "Sasa sauna hakuna, Mama," alisema. "Nimpeleke wapi?" Hakungoja jibu, akaenda ndani.

Walimlaza kwenye kitanda kilicho mbali na jiko. Meeta alimkausha kwa kumgusagusa tu, akamfunika ngozi zote za kondoo zilizokuwamo nyumbani, akavua blauzi yake, akaingia akalala kifua kwa kifua. Mwili wa Arved ulikuwa kama jiwe la kisimani. Kaarel alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Alma alisimama miguuni pa kitanda.

"Akifa," alisema, "utatoka humu na sanduku lako."

"Akifa nitatoka bila sanduku."

Halafu ikawa kungoja. Arved hakutetemeka, hakujibu jina lake. Pumzi ilikuja, ikakaa, ikaja. Meeta alizisikiliza na mawazo mabaya yakamjia bila kubisha hodi. Huenda baba alikuwa na moyo mbovu kweli. Huenda yule mjane wa pwani alikuwa anasema ili kusema. Palikuwa na mlango mmoja wa kumrudisha mtu huyu, nawe umekwenda ukaumwagia maji. Mkono ulioungua ulimwaka, naye akaushukuru, kwa kuwa ulimzuia kufikiri.

Alma alikuwa hatulii. Alikwenda dirishani, akarudi, akafunua ngozi miguuni na kuanza kusugua nyayo za mwanawe kwa nguvu.

"Usimsugue, Mama."

"Miguu hii nimeizaa mimi."

"Najua. Ila usiisugue. Ukitaka kuipasha, lala nayo."

Kaarel aliinamisha kichwa, akingoja radi. Haikuja. Waliisikia sauti ya kiatu kimoja sakafuni, kisha cha pili. Alma alivua aproni, akaikunja, akaiweka kitini kwa unadhifu kama Jumapili, akapanda kitandani upande wa ukutani na nguo zake nzito za sufu, akaikumbatia mgongoni ile maiti yake iliyokuwa bado inavuta pumzi. Wanawake wale wawili, walioishi paa moja miaka yote bila kugusana zaidi ya kupokezana vyombo, walikutana mikono juu ya mbavu za mtu mmoja. Hakuna aliyeuondoa wake.

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye maji, na mwanga wake ukawa unachezacheza darini, ndipo bega la Arved liliposhtuka. Likatulia. Likashtuka tena. Kisha mwili mzima ukaanza, meno, magoti, kitanda, na kikombe kilichokuwa juu ya rafu kikaanza kugonga sahani yake.

Kaarel aliruka kusimama. "Anakata roho."

"Hapana," Meeta alisema. "Anarudi." Alisema hivyo, lakini hakuwa na hakika, akazidi kumbana.

Walitetemeshwa naye muda mrefu, kama watu waliopanda gari bovu. Hatimaye sauti ikatoka kati ya meno.

"Nani ananikaba?"

"Mke wako," Kaarel alisema. "Na nyuma ni mama."

Arved alifikiri. "Pamoja?"

"Pamoja."

"Basi nimeshakufa."

Alma alimchapa kofi dogo la kisogo, akashuka kitandani, akaenda jikoni peku. Wakamsikia akifungua jiko, akishusha sufuria, akiangusha kifuniko na kukiokota. Alirudi na kikombe cha maziwa ya uvuguvugu yenye asali. Alikishika kwa mikono miwili, na bado yalikuwa yanamwagika pande zote. Alisimama nacho mbele ya Meeta, akamtazama mkono wake uliotoka malengelenge.

"Mpe wewe," alisema. "Mimi nitamchafua."